Mimba ya Bi Swafiya

Siku mtaa mzima ulipopata habari kuwa Bi Swafiya ana mimba, mwenyewe alikuwa darini anaanika ukwaju, leso kaifunga kifuani, na anaimba. Alikuwa na miaka sitini na mbili. Mumewe, Mungu amrehemu, alikwisha lala makaburini muda wa kutosha hata mwarobaini uliomea karibu naye umekuwa wa kuegemewa.

Hodi ilipigwa mara moja tu. Kabla hajaitikia, Bi Nadra alishapanda ngazi zote, anahema, simu mkononi. Bi Nadra ni jirani wa mlango kwa mlango. Ukikaanga kitunguu kwako, yeye kwake ndiye anayepiga chafya.

"Swafiya, nitazama matoni."

"Nakutazama. Una nini? Umefukuzwa na punda?"

"Weye na miye hatukukua pamoya?"

"Tumekua pamoya."

"Nimepata kukuficha jambo?"

"Hujapata. Hata ya kufichwa hukuyaficha."

"Basi kwa nini hukunambia kuwa una mimba?"

Bi Swafiya alicheka mpaka ukwaju ukamponyoka. Alicheka peke yake. Bi Nadra hakucheka, alivaa miwani, akaisogeza simu mbali na uso, akasoma kama anayesoma barua ya serikali: "Swafiya Kamaludin. Mwanamke. Miaka sitini na mbili. Mimba, ipo. Wiki kumi na sita. Amepewa vidonge vya damu. Arudi mwezi ujao."

Chini jikoni, sauti ya mbuzi ya kukunia nazi ikakatika.

Bi Nadra hakuisikia, kwa kuwa alikuwa na mengi ya kusema. Mtaa una kundi lake la simu, linaitwa Jirani Mwema, na kazi yake ni kutangaza maji yakikatika, mtu akifa na punda akipotea. Kliniki ya ghorofani, ile mpya nyuma ya soko, nayo imo, maana hutangaza humo siku daktari wa macho anapokuja. Asubuhi hiyo badala ya tangazo likaingia faili zima la wagonjwa: majina, umri, nambari za simu, maradhi na dawa. Lilifutwa upesi. Lakini wali ukishapakuliwa haurudi chunguni. Watu walikwisha lihifadhi, wengine wakalituma kwa jamaa zao Mombasa.

"Sote tumo," alisema Bi Nadra. "Miye nimo, sukari. Sasa watu wajua kwa nini nilikataa halua ya Idi, walidhani naringa. Mwalimu Razan yumo, bawasiri, ndio maana hufundisha wima. Na yule nahodha mwenye kifua kama pipa, imeandikwa alizirai alipotolewa damu. Lakini hao wote watu wamewapita mbio. Wamesimama kwako."

Bi Swafiya alijua la kusema lilikuwa neno moja: uongo. Alifungua kinywa alitoe. Kisha akakumbuka ule ukimya wa jikoni.

"Mola akitaka kitu hukiambia kuwa, kikawa," alisema, akainama kuokota ukwaju.

Bi Nadra akavua miwani. "Ina maana ni kweli?"

"Nimesema kweli miye? Nimesema Mola."

*

Ruqaiya alikuwa bado amekaa juu ya mbuzi, kifuu mkononi, machozi yanadondokea kwenye nazi. Alikuwa mkewe Nabhan, mwana wa pekee wa Bi Swafiya, na mimba ilikuwa yake.

"Mama, naenda kusema. Nasema ni mimi, nilitumia jina lako, yaishe."

"Huendi popote. Na inuka, chumvi itakuwa nyingi."

"Watu watakutukana!"

"Ruqaiya, mwanangu, sikiza. Mara ya kwanza tulisema mapema. Mui mzima, mtaa kwa mtaa, ukaya na hongera, wakala mkate wa mayai hapa hapa, na kabla hatujawarudishia sahani zao..." Hakumaliza. "Mara ya pili vile vile. Hii ya tatu tuliwekeana ahadi gani?"

"Asijue mtu mpaka tumbo liseme lenyewe."

"Basi tumbo limeshasema? Chini ya buibui hata miye silioni."

Wazo la kutumia jina lilikuwa la Bi Swafiya mwenyewe, na alikuwa akijisifu kwalo. Kwenye kliniki ile, Edah, msichana wa mapokezi aliyetoka bara, alikuwa na mazoea ya kusimama mlangoni na kuita wagonjwa kwa sauti ya kuamsha mtaa: jina, jina la baba, na alichojia. "Nani hapa ni wa vidonda vya tumbo?" Ukumbini kila aliyeketi ni shangazi wa mtu. Ruqaiya kuitwa hapo kwa jina lake ingekuwa sawa na kupiga siwa, ile pembe ya sherehe inayosikika mji mzima. Kwa hiyo Bi Swafiya akampa kadi yake ya kliniki. "Wakisikia Swafiya watadhani ni presha. Mzee kuitwa kliniki ni kama mwana kuitwa chuoni kusoma Kurani, hakuna anayegeuka." Ruqaiya akavaa ninja, macho tu nje, akatoa kadi, akaitwa Swafiya, akapimwa na muuguzi mgeni asiyesoma umri kwenye kadi. Hakuna aliyegeuka kweli. Wala hakuna aliyejua kwamba kompyuta ina kumbukumbu kuliko mashangazi.

Nabhan aliingia adhuhuri, ana vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Alikuwa fundi wa kuchonga milango. Alisimama katikati ya kiwanda, ua wa ndani wa nyumba, patasi mkononi, hajui amtazame nani.

"Mafundi wamenipa hongera," alisema. "Wananiuliza kama nitamwita ndugu yangu au mwanangu."

"Ukawajibu nini?"

"Nimempiga mmoja kwa kitambaa cha vumbi. Mama, nakwenda kliniki. Nitawaambia waseme kwa kinywa chao kwamba wewe huna mimba."

"Wakisema sina, watu watauliza ni nani basi aliyeitumia kadi yangu. Nyumba hii ina wanawake wangapi? Mmoja wao ukimwondoa, hata mtoto wa chuoni atajibu."

Nabhan akamtazama mkewe. Ruqaiya akatazama nazi.

"Wacheke," alisema Bi Swafiya. "Kicheko hakimvundi mtu mbavu, ila anayecheka. Ndoo ule, samaki anapoa."

*

Ilikuwa rahisi kusema ukiwa kwako. Kesho yake sokoni, muuza maembe alimchagulia embe bichi, akalikatakata, akalinyunyizia pilipili, akampa kwa mikono miwili. "La hamu, Bi Swafiya. Hili silitii hesabuni." Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya mchicha wakaziba midomo kwa mitandio. Bi Swafiya alilichukua, akalila pale pale, kipande kwa kipande, na kwa kuwa lilikuwa embe zuri akaomba jingine.

Kwenye ndia ya kwenda gatini, kijana wa punda alipaza sauti: "Pisheni! Pisheni, mja mzito huyo!"

"Mja mzito ni punda wako," alimrudishia bila kugeuka. "Mpunguzie mawe, utamzalisha njiani."

Watu walicheka, safari hii upande wake. Lakini alipofika kwenye baraza la vijana karibu na duka la Bwana Abdulhalim, walinyamaza ghafla, na kunyamaza kule kulimuuma kuliko embe na pilipili. Mmoja alianza kuigiza mwendo wa mwenye tumbo. Bwana Abdulhalim, fundi wa saa na redio, akafungua redio moja mbovu mpaka mwisho. Ikapiga kelele ya mikwaruzo hadi vijana wakatawanyika wameziba masikio.

"Habari ya asubuhi, Bi Swafiya."

"Njema, Bwana Abdulhalim. Kofia hiyo imeshakuwa chungio."

"Bado. Ina siku zake."

Haya yalikuwa maneno yao ya kila wiki. Bi Swafiya alikuwa mshoni wa kofia za vito, zile za matundu ya kushonwa kwa mkono, na hapakuwa na kichwa cha maana mtaani kwao Mkomani asichokijua kipimo chake, ila hicho. Kofia ya Bwana Abdulhalim ilishonwa na marehemu mkewe, na tangu marehemu aondoke hakupata kuivua ila kwa kuifua. Alikuwa mtu mkimya, na sifa yake mjini ilikuwa moja: hakusema uongo hata wa biashara. Saa ikiwa haitengenezeki, atakwambia haitengenezeki, na atakufungia vizuri uende nayo.

Siku hiyo hakuuliza lolote. Bi Swafiya akaenda zake na moyo mwepesi kidogo, bila kujiuliza kwa nini.

*

Kliniki ilituma ujumbe. "Mpendwa mteja, kumetokea hitilafu iliyogusa taarifa zako. Tunaomba radhi. Kwa hisani, fika upimwe presha bure."

"Wamenipandisha presha, sasa wanataka kuipima," alisema Bi Swafiya, akavaa buibui akaenda, maana cha bure si cha kuachwa.

Ukumbi ulikuwa mtupu. Edah alikuwa nyuma ya meza, macho yamevimba. Alipomwona aliinuka, akapiga kiti teke bila kukusudia.

"Mama, ni mimi. Nilikuwa natuma kwa ofisi kubwa. Kundi la mtaa liko hapo juu, la ofisi liko hapo chini. Kidole kiliteleza, Mama. Nitafutwa kazi."

"Nani kasema?"

"Mimi ningejifuta."

"Basi ni heri si wewe mwenye kliniki. Kaa. Umekula?"

Hakuwa amekula. Bi Swafiya alitoa kwenye mkoba vitumbua alivyokuwa ampelekee Nabhan, wakala wote wawili, na ndivyo alivyowakuta Daktari Aqil, kijana wa mji huu huu, aliyesomeshwa Kurani na Bi Swafiya akiwa bado anavuja makamasi. Aliona haya kumtazama.

"Mwalimu, tumeshapeleka taarifa Nairobi, kwa wanaosimamia siri za watu. Huenda tukatozwa faini, na ni haki. Lakini lako nitalirekebisha leo. Nitaandika kwenye kundi kwamba kwenye faili lako kompyuta ilikosea."

"Kompyuta ilikosea?"

"Mwalimu... wewe hukupimwa mimba." Alisita. "Ni nani aliyepimwa kwa kadi yako?"

Bi Swafiya alikunja karatasi ya vitumbua, akaikunja tena. Daktari hakuwa mjinga. Alikuwa ameoa mtaa wa pili na alijua ni nani aliyepoteza mara mbili. Uso wake ukabadilika, akashusha sauti.

"Anaendelea vizuri?"

"Vizuri. Na hutaandika kitu."

"Lakini watu wanakuvunjia heshima!"

"Heshima yangu ina miaka sitini, imeshakomaa. Ile nyingine haijatimiza miezi mitano. Ipi ya kuangaliwa?"

Daktari akainama. Bi Swafiya akakunja mkono wa buibui apimwe presha. Ilikuwa juu kidogo.

"Na weye, Edah," alisema akiwa anatoka, "usiite watu kwa maradhi yao."

"Mama, nikiita kwa upole hamsikii. Mnaongea sana humo ndani."

"Hilo kweli. Basi wape nambari, nao waseme watakavyo."

*

Lililomkata maini lilikuja jioni ya Jumatano, tena kwa miguu ya mtu anayempenda. Bi Zakiya ndiye anayekaribisha maulidi ya wanawake kila Alhamisi nyumbani kwake, na kwa muda mrefu hakuna aliyeyaanza isipokuwa Bi Swafiya. Sauti yake ya kwanza ikipanda, hata wenye kusengenya kwenye ngazi hukatiza.

Bi Zakiya alikunywa kahawa, akasifu kahawa, akasifu kikombe. Kisha akasema, "Swafiya, sisi wote twajua si kweli."

"Haya."

"Basi sema si kweli. Nadra anasema alikuuliza, ukamjibu kwa aya. Watu wanangojea neno lako, nawe unakula maembe mabichi sokoni!"

"Yalikuwa matamu."

"Swafiya!"

"Zakiya, Mola alimpa mke wa Nabii Ibrahimu mwana hali ni mkongwe..."

"Usijifanye Bi Sara kwangu! Bi Sara alikuwa na mume!"

Neno lilitoka, likakaa baina yao kwenye sinia. Bi Zakiya mwenyewe alishtuka. Alishika kikombe, akakiacha. Mwisho akasema, macho chini, kwamba labda kesho Bi Swafiya apumzike, maneno yapoe, aanze mtu mwingine, wiki hii tu, au mbili.

"Ni nyumba yako," alisema Bi Swafiya. "Chukua na kahawa, nimepika nyingi."

Alimsindikiza mpaka mlangoni, akafunga komeo. Kisha alikaa na kofia aliyokuwa akiishona, akatia uzi kwenye sindano, ukakataa, akatia tena. Ruqaiya, aliyekuwa nyuma ya pazia, aliona mikono ile, ambayo hajapata kuiona ikikosa tundu la sindano, inalikosa mara ya tatu. Alitaka kutoka. Hakutoka. Aliweka kiganja tumboni na kujichukia, na Bi Swafiya, bila kuinua uso, alisema, "Ruqaiya, usisimame sana. Na kahawa ile ilikuwa chungu kweli, au ni mdomo wangu?"

*

Posa, kwa desturi, huletwa na wazee. Mwenye kuoa hukaa kwake akangojea. Alhamisi baada ya sala ya alasiri, Bwana Abdulhalim alikuja mwenyewe, kanzu imepigwa pasi, kofia ile ile, na nyuma yake Mzee Famau, mzee wa mtaa, na fimbo yake. Nabhan aliwaketisha kwenye daka, kwenye viti vya mawe vya mlangoni, kisha alipoona Bi Nadra ameanza kufagia mbele ya mlango wake palipokwisha fagiliwa, akawaingiza ndani. Bi Swafiya na Ruqaiya wakabaki chumba cha pili, nyuma ya pazia.

"Mtanisamehe kuja kwa miguu yangu," alianza Bwana Abdulhalim. "Nilitafuta wa kumtuma. Kila niliyemwambia alicheka. Mzee Famau peke yake hakucheka."

"Sikusikia vizuri alichosema," alieleza Mzee Famau.

"Nabhan, wewe ni kama mwanangu, nawe ndiye mwanamume wa nyumba hii. Nimekuja kumposa mama yako."

Nabhan alikuwa anamimina sharubati. Aliendelea kumimina hata gilasi ikajaa na sinia ikaanza kujaa.

"Sikuja kuuliza lolote," alisema Bwana Abdulhalim, sasa kwa haraka, kama mtu anayetembea juu ya kaa la moto. "Lililokuwa ni baina ya mja na Mola wake. Nimeona mtaa unavyomfanya. Sina mali ya kutaja, nina duka na nyumba isiyo na mtu. Mwana akizaliwa, nitamlea. Hatanyanyaswa mbele yangu. Watu watasema ni wangu, na waseme. Tuchekwe wawili, kicheko kigawike."

"Ndoa yenyewe itangojea ajifungue," alitia neno Mzee Famau. "Hilo nimeuliza kwa wanaojua."

Nyuma ya pazia Bi Swafiya alikuwa ameuma ncha ya mtandio. Alikuwa anacheka, na mashavu yake yalikuwa yamelowa. Mtu mzima kuja kujitwisha aibu isiyo yake, tena kwa kanzu ya pasi! Na hakuweza hata kumwambia kwamba amekuja kuokoa aliyekwisha okoka. Akiwa bado anatafuta maneno, pazia likasogea. Si yeye aliyelisogeza.

Ruqaiya alisimama mbele ya wazee wawili, leso kajitanda mpaka paji la uso.

"Ami Abdulhalim," alisema, "mimba ni yangu."

"Ruqaiya!" Bi Swafiya alisema kutoka ndani.

"Nimechoka, Mama. Tumbo langu, mgongo wako. Mpaka lini?" Akageukia wageni. "Nilikwenda kwa jina lake kwa sababu ya kuogopa. Mara mbili niliambiwa hongera, mara mbili nikapoteza. Yeye hakufanya kitu. Amenyamaza kwa ajili yangu, mpaka maulidi amenyimwa."

Nabhan alikuwa bado ameshika jagi. Bwana Abdulhalim, tangu neno la kwanza, alikuwa ameinamisha macho kwenye mkeka, asimtazame tumboni hata kwa bahati mbaya.

"Mashallah, tabarakallah," alisema polepole, kwa sauti ya mtu anayeweka kitu cha kuvunjika. Kisha akageuka. "Mzee Famau, umesikia kitu?"

"Sikio la kuume lina maji tangu Ramadhani."

"Na la kushoto?"

"La kushoto ni la posa tu."

"Basi sisi hatukusikia." Akanywa sharubati, akaweka gilasi. "Na posa siwezi kuiondoa. Nikiiondoa, watu wataniuliza kwa nini, na mimi kusema uongo sijui, siri itatoka. Kwa hiyo ni lazima ibaki. Kwa ajili ya mtoto."

Alilisema kwa uzito wa mtu aliyemaliza kutengeneza saa. Ruqaiya alimtazama mzee huyu, akaona masikio yake yamekuwa mekundu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya faili akatabasamu.

"Si lazima tena, Ami," alisema. "Leo jioni nakwenda na Mama kwa Bi Zakiya. Nitasema mwenyewe, mbele yao wote, kabla ya maulidi. Watakaosema mashallah watasema, wasiosema watamjibu Mola. Nimeshasema hapa mbele yenu," na mkono wake ulikwenda tumboni wenyewe, "na mwana yumo tu, anacheza."

Bi Swafiya akalishika pazia kwa ndani. "Anacheza? Tangu lini?"

"Sasa hivi, Mama. Ulipoita jina langu."

Nabhan aliketi chini, jagi mapajani. Mzee Famau alipangusa jicho lisilohusika na sikio. Bwana Abdulhalim alikohoa, akaona kwamba sababu yake nzuri imechukuliwa mikononi mwake, na kwamba amebaki ameketi katika nyumba ya watu bila chochote cha kujifichia.

"Basi," alisema, "imebaki posa tupu."

"Imebaki," alikubali Nabhan kwa upole.

"Naiacha ilipo." Akanyanyua uso, akaelekeza maneno kwenye pazia. "Kila wiki nachelewa kufungua duka, Bi Swafiya, ila siku zako za kupita sokoni. Hilo nalo ni kweli."

Mzee Famau aligonga fimbo. "Mwanamwali akinyamaza amekubali. Lakini mjane husema kwa kinywa chake, ndiyo sheria. Bi Swafiya! Twangojea neno!"

Nyuma ya pazia kulisikika kikapu cha kushonea kikifunguliwa. Vijiti, nyuzi, mkasi. Kisha sauti ile iliyozoea kuanza maulidi ikasema, kama anayeuliza bei ya mchicha:

"Bwana Abdulhalim, kichwa chako inchi ngapi?"

Bwana Abdulhalim alipeleka mkono kwenye kofia yake ya zamani. Aliuacha pale kidogo, kama mtu anayeomba ruhusa.

"Ishirini na mbili," alisema. "Na nusu."

"Hilo ni jibu gani?" aliuliza Mzee Famau.

"Ni jibu, Mzee," alisema Nabhan, akainuka kumimina tena. "Ni jibu."

*

Walipotoka, Bi Nadra alikuwa bado anafagia. Mbele ya mlango wake palikuwa pameanza kuonekana mwamba.

"Bwana Abdulhalim! Hee, na kanzu ya pasi!" Alijaribu kuona ndani kupitia bega lake. "Nambie weye, usiyesema uongo. Kwani mimba ni kweli ipo?"

Bwana Abdulhalim akasimama. Kutoka ndani kulisikika Bi Swafiya akimwita Ruqaiya alete buibui mbili, wasichelewe, Bi Zakiya asije akampa mwenye sauti mbovu aanze maulidi.

"Ipo," alisema. "Mashallah. Iombeeni dua."

Akashika ndia ya dukani, mkono mmoja kichwani, akijipima.